Nisomee Kama Ilivyoandikwa

Farid Gabdulin hapendi kuelezwa. Mteja akiingia dukani na kuanza kusimulia kwamba kompyuta yake imegoma, imenuna, inafanya vituko, humkatiza kabla hajafika mbali. Usinieleze, nisomee. Skrini imeandika nini? Nisomee kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Nimelisikia neno hilo miaka kumi na tano kupitia ukuta wa mbao unaotenganisha meza yake na cherehani yangu, na kuna usiku nimeliota.

Mimi nashona mapazia, yeye anatengeneza kompyuta. Tumo katika lile jengo la zamani la huduma hapa Karakol, ghorofa ya chini, upande usiopata jua. Farid ni Mtatari, lakini babu yake alizikwa hapa na baba yake alizikwa hapa, na kiwanja cha kaburi lake mwenyewe ameshakiwekea uzio. Alisomea ufundi wa televisheni enzi za Wasovieti, akaanza kazi katika jengo hilihili, chumba hikihiki. Televisheni zilipoacha kutengenezwa akahamia redio za kaseti, kaseti zilipokufa akahamia kompyuta, wala hakuhamisha kiti. Saa sita na nusu kila siku hula ashlyanfu, tambi zetu baridi zenye siki na pilipili, akiwa amesimama, halafu anafuta masharubu na kurudi kwenye meza.

Mkewe Naila alimwacha mwaka wa nane wa ujirani wetu, akaenda Kazan kwa binti yao. Siku anafunga mizigo alipita kwangu kuchukua pazia lake, akaniambia kwamba Farid husikia maneno yote ila hamsikii mtu. Nilidhani ni hasira. Sasa naona alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba mtu huyu hajawahi kumwambia mteja kitu chake kimekufa kabla hajakifungua akaona, na hilo siwezi kulisema kwa daktari yeyote ninayemjua.

Hapa nitaje jambo la nyumbani kwangu, maana mbele litahitajika. Kwetu Wakirgizi mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, wala la kaka wakubwa wa mumewe. Si jina tu, hata neno linalofanana nalo hulikwepa. Shemeji yangu mkubwa anaitwa Bazarbay, na soko kwa lugha yetu ni bazar, basi kwa miaka ishirini na sita soko naliita pale pa kununulia. Kuandika hakukatazwi, ndiyo maana hapa nimeliandika bila kutetemeka; ni mdomo tu uliofungwa. Wasichana wa mjini siku hizi wanataja wakwe zao kama wanaita teksi. Mimi nilifundishwa vingine, na heshima si utumwa.

Farid jambo hilo humchekesha. "Unaelekea wapi, Burul?" ataniuliza akiniona na kikapu, naye anajua vizuri ninakoelekea. "Pale pa kununulia," nitamjibu, naye atacheka hadi akohoe. Mzaha ule haukumchosha miaka yote ile.

Basi, Januari iliyopita, theluji ikiwa magotini, akaja mwanamke mmoja kutoka Kyzyl-Jar, kijiji cha juu huko ambako basi hufika mara mbili kwa siku likipenda. Jina lake Uulkan, umri wake kama miaka thelathini, mashavu yamebabuliwa na baridi. Alikuwa na diski ya kompyuta ameifunga kwa shali ya sufi kama mtoto wa wiki mbili, akaiweka mezani kwa Farid polepole.

Mafundi wetu viungo vyote vya kompyuta huviita chuma. Farid akamuuliza, chuma chenyewe kizima au kimeungua?

"Kile kigumu ni kizima, mjomba," Uulkan akasema. "Kilichoungua ni kile kinachokipa umeme."

Farid akanyanyua nyusi. Kile kigumu ndiyo nini? Uulkan akaelekeza kidole kwenye diski, akainamisha macho. Mimi nilisikia yote hayo, na mtu wa kushtuka palepale ningekuwa mimi, lakini nilikuwa nahesabu mikunjo ya pazia la chekechea na nikiacha kuhesabu huanza upya. Neno likapita sikioni likatokea upande wa pili.

Habari yenyewe aliitoa kidogo kidogo, kwa kuulizwa. Baba mkwe wake alikuwa dereva wa lori miaka thelathini na minne, akipeleka makaa ya mawe Naryn na kurudi na sufi. Alipostaafu, mwanawe, mume wa Uulkan, akamnunulia kompyuta na usukani wa kuchezea, akamwekea mchezo wa kuendesha malori kwenye barabara za Ulaya. Mzee akaushika mchezo ule kama ajira. Kila asubuhi baada ya chai anaingia barabarani. Ijumaa mchana haendeshi. Akipita makaburi ya Wajerumani, anaachia usukani na kupitisha viganja usoni kama apitavyo makaburi ya kwetu, na mara mbili ametumbukia mtaroni kwa ajili hiyo. Kwa miaka kumi na moja amekusanya malori kumi, mbali na lile analoendesha mwenyewe, na madereva tisa aliowaajiri amewapa majina ya wenzake wa karakana ya zamani, waliotangulia mbele ya haki. Anawapangia safari, anawagombeza wakichelewa.

Mwaka juzi akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Mguu ulirudi kiasi, mkono ukawa mzito. Daktari akampa mpira wa kuminya, mzee akamrushia mbwa. Mkono ule ulifanya mazoezi mahali pamoja tu, kwenye usukani, na kwa usukani ukaanza kurudi, kidole kimoja baada ya kingine. Halafu Desemba umeme ukaruka na kompyuta ikaungua.

Mwana yuko Yekaterinburg, anajenga maghorofa ya watu. Akatuma kompyuta nyingine kwa basi la abiria, nzuri kuliko ya kwanza, ila ilikuwa na mfumo wa Linux badala ya Windows, kwa kuwa ndivyo ilivyouzwa. Mchezo upo, usukani unakubali. Mzee akakaa, akawasha, akakuta gereji tupu na lori moja la kukodi, na maandishi yanamkaribisha dereva mpya. Akazima.

"Alisema ameanza upya mara tatu maishani," Uulkan alituambia. "Ya nne hataki. Akalala akageukia ukuta. Wiki ya tatu sasa."

Mkono ulikuwa umejikunja tena. Daktari wa wilaya alishamwambia Uulkan waziwazi: vidole vikikaa hivyo hadi theluji iyeyuke, havitafunguka. Hilo ndilo alilokuja nalo, amelifunga ndani ya shali. Mama mkwe alishafariki, mume yuko mbali, nyumbani ni yeye na mzee na ng'ombe wawili. Kompyuta mpya hakuweza kuileta. Mzee alikataa katakata isitoke mlangoni, alisema ya kwanza imetosha kupotea.

Farid akafanya kazi siku ile hadi jioni, na ashlyanfu akaila akiwa amekaa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Diski ilikuwa nzima. Safari zote za mzee zilikuwamo, zimehifadhiwa kwenye folda moja iliyo ndani ya nyingine iliyo ndani ya nyingine, na ya nje kabisa ilikuwa na jina la mwenye kompyuta, Temirkan, kama mwanawe alivyoliandika miaka ile kabla ya kuoa.

Kisha akaniletea somo nisilolihitaji, maana akifurahi huwa lazima afundishe mtu. Anwani ya faili, akasema, ni kama anwani ya nyumba: mtaa, nyumba, chumba, kabati. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo. Ukiandika Temirkan au temirkan, inakupeleka mlango uleule. Linux inajali. Kwake hiyo ni milango miwili, na ukigonga usio wako utagonga hadi kesho. Ndiyo maana watu wanahamisha michezo yao kutoka mfumo huu kwenda ule, wanaona kila faili ipo, na mchezo hauoni kitu. Yeye haumwi na ugonjwa huo. Akaandika amri ndogo ndani ya flashi, ili Uulkan abonyeze mara moja tu na kila kitu kijipange: home, temirkan, documents, na kuendelea, herufi ndogo tupu. Na pale ambapo folda haipo, amri ijenge.

Uulkan akaondoka na basi la jioni, flashi ameiweka kifuani.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. Farid huweka simu mezani na kuifungulia sauti, kwa hiyo duka zima husikia. Amebonyeza, faili zimekwenda, ameziona kwa macho yake. Amefungua mchezo: hakuna safari iliyohifadhiwa. Mzee alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti. Alitazama, akaomba arudishwe kitandani.

"Usinieleze," Farid akasema. "Mchezo una ukurasa unaoonyesha unatafuta wapi. Nisomee kama ilivyoandikwa."

Uulkan akasoma. Home, ata, documents, safari. Ata kwa lugha yetu ni baba.

"Na faili ziko wapi? Nisomee anwani yake."

Home, ata, documents, safari.

Farid akajikuna masharubu. Anwani moja, nyumba moja, chumba kimoja, na mwenye nyumba hapati kabati lake. Nilimwona akijiridhisha kimoyomoyo kwamba mzee wa watu kwenye mashine mpya anaitwa ata, na amri yake kwa namna fulani imekwenda penyewe mahali pake. Sijui kwa nini hakujiuliza zaidi. Anayesema hataki kuelezwa, hilo alijieleza mwenyewe akajiamini.

Siku mbili wakafukuzana na kivuli. Kwanza herufi kubwa: D ya documents ni kubwa au ndogo? Ndogo, zote mbili. Kisha akashuku ile c. Sisi tunaandika kwa herufi za Kirusi na za Kilatini kwenye kibodi moja, na c ya Kirusi na c ya Kilatini jicho haliwezi kuzitofautisha, lakini mashine inazitofautisha. Amewahi kupoteza wiki nzima kwa c moja. Akamfanya Uulkan afute na kuandika upya jina la kila folda, kasoro zile mbili za mwanzo. Haikuwa c. Kisha ruhusa: labda faili zimefungwa. Hazikufungwa. Kila mara ilikuwa nisomee, na kila mara Uulkan alisoma, home, ata, documents, safari, kwa sauti inayozidi kuwa ndogo.

Siku ya tatu Farid akapandwa na hasira. Sipendi kumsema jirani, lakini alimfokea.

"Dada, unanisomea au unanieleza?"

"Nakusomea, mjomba."

"Basi nitajie herufi za neno la pili. Herufi, si neno."

"A, t, a."

"Hiyo ni ya mchezo. Na kwenye faili?"

Nyuma ya Uulkan mtu alikohoa, kikohozi cha mzee aliyelala.

"Ni ata," Uulkan akasema.

"Herufi!"

"Ni ata, mjomba," akasema tena, na sasa alikuwa analia.

Hapo ndipo mikunjo ya pazia iliponitoka kichwani. Nilikumbuka kile kigumu. Chuma kwa lugha yetu ni temir. Yule mwanamke alikuwa amekaa mbele ya skrini siku tatu akisoma kwa uaminifu wote, na kila alipofika kwenye jina la baba mkwe wake mdomo wake ulisema ata, kama ulivyosema tangu siku alipoingia nyumba ile na shela nyeupe kichwani. Nadhani hata hakujua kwamba anabadilisha. Mimi mwenyewe huwa sijui. Na mzee alikuwa palepale anasikiliza.

Nikatoa pini mdomoni, nikazunguka ukuta, nikaichukua ile simu mezani kwa Farid bila kuomba.

"Binti," nikamwambia, "mimi ni mkamwana kama wewe. Usinitajie neno lolote. Nihesabie tu. Kwenye anwani ya mchezo, neno la pili lina herufi ngapi?"

"Tatu, shangazi."

"Na kwenye anwani ya faili?"

Nikamsikia ananong'ona, moja, mbili, tatu, akaendelea.

"Nane," akasema. "Kumbe."

Mengine akayasema mwenyewe kwa haraka. Kompyuta mpya ilipofika na kuwashwa mara ya kwanza iliuliza jina la mtumiaji. Alikuwa peke yake, mzee amelala. Akaandika vile anavyomwita: ata. Mchezo ukawa unatafuta nyumba ya ata. Amri ya Farid ikajenga nyumba nyingine jirani, mpya kabisa, ikaiandika temirkan mlangoni na kupanga malori yote humo. Kwenye skrini nyumba zilikuwa mbili. Kwenye mdomo wa Uulkan ilikuwa moja.

Farid aliketi. "Lakini alisema anasoma," akaniambia.

"Alisoma. Alisoma kama asomavyo mkamwana."

"Mashine haijui habari za mkamwana."

"Mashine haijui," nikasema. "Wewe je? Miaka kumi na tano unanicheka na pale pa kununulia."

Sikuwa na haja ya kumwongeza, maana siku zote tatu nami nilikuwa na masikio. Farid akaivuta simu karibu na mdomo na kumwomba Uulkan radhi, kwa maneno machache na mabovu, kama mtu anayevaa koti la kuazima. Kisha akamwelekeza: fungua hii, fungua ile, shika folda ya safari kwa kipanya, iburute kutoka nyumba ya herufi nane hadi nyumba ya herufi tatu. Hapakuwa na haja ya kuandika wala kutamka.

Uulkan hakukata simu. Aliiacha mahali fulani juu ya meza. Tukasikia kiti kinaburutwa, mzee anaguna, Uulkan anamwambia egemea hapa, ata. Kisha injini ikanguruma, ikasita, ikanguruma tena. Farid alikuwa ameinamia simu ile, na mteja aliyeingia na printa alinyamazishwa kwa mkono. Tulisikiliza lori linakwenda labda dakika kumi. Hakuna neno lililosemwa, na Farid alisikiliza lote.

Nilitamani Naila angekuwapo aone.

Tangu hapo Farid bado anasema nisomee, mtu haachi asili yake uzeeni. Ila sauti ikiwa ya mwanamke wa kijijini, naye anasitasita, huuliza kwanza neno lina herufi ngapi. Wengine humwona amechanganyikiwa. Anikutapo na kikapu hunitakia safari njema, wala haulizi ya wapi.

Aprili, barabara ilipokauka, Uulkan akaja tena. Mkono mtupu haulambwi, alileta mitungi miwili ya jamu ya matunda ya mwituni, mmoja wa Farid mmoja wangu. Akatoa simu kutuonyesha picha aliyoipiga kwenye skrini ya mzee, ukurasa wa madereva wa kampuni. Farid alikuwa hana miwani, akanipa mimi.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Juu kabisa jina la mwenye kampuni, nikalisema, si mkwe wangu mimi. Uulkan akatazama dirishani hadi nilipolimaliza. Kisha madereva: Kasymaly, Esengul, Viktor, Toktosun, na wengine, tisa, wote wameshazikwa. Nikafika wa kumi.

"Uulkan," nikasoma.

Akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Miaka saba katika nyumba ile, akasema, mzee amemwita mwanangu tu, hajawahi kumwita kwa jina. Hata hakuwa na hakika kama analijua. Lori la kumi lilikuwa limesimama bila dereva kwa muda mrefu kwa sababu marafiki waliokufa walikuwa wameisha.

Nilitaka kusema si vizuri kumchanganya aliye hai na marehemu.

Farid alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaisogeza hadi puani, akahesabu kwa kidole. "Herufi sita," akasema. "Umemwandikia wewe?"

"Ameandika mwenyewe, mjomba."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto," Uulkan akasema. "Ilimchukua asubuhi nzima."